Mpira wa Kamera Ulivyoniumbua Ukweni

Ndugu zangu wa humu kundini, leo nimeaibika. Nimeaibikia ukweni, Ngulyati, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima wa Mzee Maduhu, nikiwa nimevaa suruali ya kuazima iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa msinikosoe. Mkono wa kulia upo, asanteni kwa kuuliza. Ila hali yake si nzuri.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Mimi ni Shija wa picha, pale karibu na stendi ya Bariadi. Wengi wenu nimewapiga picha za paspoti mkiwa mmenuna (si kosa langu, sura ni zenu). Kamera yangu ni mtumba. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na mitumba ianze kumwagika mpaka huku kwetu, nami nikasema nisipitwe, nikainunua Mwanza kwa jamaa aliyeniapia kwamba ilikuwa ya mzungu mmoja tu tena mpole. Inapiga vizuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ule mpira wake wa kushikia, ule mweusi unaokaa chini ya kiganja. Kwa jasho la harusi na joto letu hili ulishavimba, ukalainika, ukaanza kubanduka pembeni. Ukiushika unateleza, ukiuacha umekuachia weusi vidoleni. Jumamosi iliyopita nusura kamera itumbukie kwenye sufuria la pilau la watu.

Mtasema kwa nini sikuubadilisha mapema. Nilitafuta! Bariadi haupo. Mwanza wakaniambia niiache kamera waitume Dar. Niiache, halafu nile nini?

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Posa yangu ilishafika kwa Mzee Maduhu, nikapangiwa niende leo na mshenga wangu, Mjomba Nyanda, nionekane, nile chakula chao, kisha mzee atamke: binti anatoa au hatoi. Binti mwenyewe ni Minza. Nampenda Minza, nifiche nini. Nampenda mpaka nikipita kwenye duka analouza naingia kununua kiberiti, na mimi sigara sivuti wala sipiki. Nyumbani nina viberiti mpaka panya wanavikwepa.

Lakini mzee alikuwa na wasiwasi. "Kupiga picha ni kazi au ni matembezi?" Ndivyo alivyomuuliza Mjomba. Maana zamani kuna mpiga picha wa kupita alifika pale kwake, akaipanga familia nzima kuanzia bibi mpaka kitoto cha mgongoni, akapiga, akachukua chake, akaondoka na baiskeli yake. Hizo picha hawajaziona mpaka leo. Na juu ya hapo mzee ni mkulima wa pamba. Tangu ushirika ulegee na kila mwenye mzani aruhusiwe kuja kununua, mzee haamini chombo chochote kilichoshikwa na mtu mwingine.

Mjomba Nyanda akanipa mbinu. "Nenda na kamera. Wapige, waonyeshe palepale kwenye kioo cha nyuma. Mzee akijiona anacheka, maneno yamekwisha."

Mbinu nzuri. Ila ningeendaje ukweni na kamera inayobanduka kama kisigino wakati wa kiangazi? Watasema huyu hata kamera imemshinda, mke atamweza?

Basi asubuhi nikaenda kwa fundi baiskeli jirani yangu, nikamwomba kipande cha tyubu kuukuu. Akachomoa moja kwenye rundo akanirushia. "Chukua, hiyo imeshastaafu." Ilikuwa na viraka na matundu ya miiba kila mahali, mnazijua njia zetu. Nikajiambia, matundu yana shida gani? Kwani naijaza upepo? (Hiyo sentensi nitaikumbuka mpaka naingia kaburini.)

Kazi niliifanya kwa ustadi, nijisifu kidogo kabla hamjaanza kunicheka. Nikabandua mpira wa zamani, nikauweka juu ya tyubu, nikazungusha wembe pembeni mpaka nikapata umbo lilelile, na kona zake zote. Nikasugua kwa msasa. Ukakaa kama wa kiwandani! Ikabaki kugandisha. Fundi akanisogezea gundi yake ya pancha, ile ya kupaka halafu unasubiri ikauke kwanza. Kusubiri! Nje Mjomba Nyanda alishafika na bodaboda, dereva anapiga honi kama kabeba mgonjwa. Nikakimbilia duka la pili nikachukua supa gluu. Kichupa kizima, ndugu zangu. Nilikiminya mpaka kikatoa pumzi. Nikasema kazi ya leo ni ya ndoa, haitaki ubahili. Nikabandika, nikakandamiza, kingo zikashika. Safi kabisa.

Nikatoka na kamera mkono wa kulia, nikapanda. Tulikaa mshikaki: dereva mbele, mimi katikati, Mjomba nyuma na tumbo lake. Mkanda wa kamera siuamini, umeshonwa mara nyingi kuliko gunia, kwa hiyo kamera niliibana kwa kiganja. Kila shimo la barabara ya Ngulyati, naibana zaidi. Njiani nikasikia kajoto katikati ya kiganja. Nikasema ni jasho. Nikasema ni mapenzi. Kumbe gundi ya katikati bado ilikuwa mbichi, na kila ninapominya inapanda kupitia yale matundu ya miiba, moja kwa moja mpaka kwenye ngozi yangu.

Tukashukia kabla ya kufika, pembeni ya ua wa minyaa, ili tujikung'ute vumbi tuingie kama watu. Nikainua mkono nijifute jasho usoni. Kamera ikanipiga pua.

Nikatazama. Nikafungua vidole. Kidole cha kwanza kikafunguka. Vingine vikagoma. Nikavuta. Mama yangu weee! Ilikuwa ngozi inavutika, siyo kamera.

"Mjomba," nikanong'ona. "Mkono umenasa."

"Umenasa wapi?"

"Kwenye kamera."

"Basi itoe."

"Mjomba, ndiyo nakwambia. Haitoki."

Akanitazama kama naongea Kichina. Akashika kamera, akavuta. Nikapiga kelele huku nimeziba mdomo. Machozi yakanilengalenga. Na pale ndani ya ua tayari tulishaonekana, watoto wanaimba "Wageni! Wageni!"

Mimi nikasema turudi. Mjomba akanishika kola. "Turudi? Siku ya jibu mtu hageuki njiani. Ukigeuka leo umejikataa mwenyewe, na mimi sitakanyaga tena hapa kwa ajili yako. Sikiliza. Mpiga picha anashika kamera, nani atashangaa? Wewe piga picha. Usiache kupiga. Mengine niachie mimi."

Nikajikaza kisabuni, tukaingia.

Wazee walikuwa wamekaa kivulini kwenye viti, Mzee Maduhu katikati, shati jeupe, fimbo kati ya magoti. Pembeni yake dada yake, yaani shangazi wa Minza, mama mwenye macho ambayo hata nzi anapita mbali nayo. Mama Minza simwoni, na ndivyo inavyotakiwa: kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanakwepana. Humpi mkono, humkodolei macho, mkikutana njiani mmoja anapisha. Minza naye yuko ndani, mwari hatoki siku kama hiyo.

"Mwadila, baba," nikaamkia kwa Kisukuma, nikainama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Mzee akanyoosha mkono.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua kumbe mkono wa mtu mzima ukinyooshwa huwa mrefu hivyo. Ulikuja. Ukafika. Ukakaa hapo hewani unanisubiri. Mkono wangu wa kulia uko kwenye kamera, na wa kushoto siwezi kumpa mzee, ni tusi. Nikafanya nini? Nikapiga picha ule mkono. Flashi ikawaka. Pa!

Mzee akapepesa macho.

"Yuko kazini!" Mjomba akadakia, akaudaka ule mkono yeye, akautikisa kwa mikono yake miwili kama anapampu maji. "Kijana wetu akishaanza kazi haachi, baba. Yuko kazini!"

Mzee akautazama mkono wake kama aliyeibiwa kitu. Akasema, "Hmm."

Hiyo "hmm" iliniingia mpaka kwenye mifupa.

Nikaanza kazi. Nikapiga wazee. Nikapiga nyumba. Nikapiga kuku, nikapiga kinu, nikapiga robota la pamba lililobaki ghalani, nikapiga mbwa aliyelala (akaamka, akaondoka kwa hasira). Kila mzee mwingine alipoinuka kunisalimia nilimwelekezea kamera, na Mjomba akampokea mkono. "Yuko kazini! Yuko kazini!" Ikafika mahali Mjomba amesalimiana na ukoo wote kwa niaba yangu. Kama ni kuoa, alikuwa amekaribia kuoa yeye. Na betri nayo ikaanza kupepesa alama nyekundu, inakata roho. Nikawa sipigi tena, naigiza tu, na mdomoni nasema "pa" taratibu.

Mzee Maduhu akaniita. "Kijana. Hizo picha zinaonekana lini?"

"Zinaonekana sasa hivi, baba!" Nikafurahi. Nikasema hapa ndipo mbinu ya Mjomba inapozaa matunda. Nikasogea, nikapiga goti, nikamgeuzia kioo. Mzee akajiona, na shati lake na fimbo yake. Nikaona shavu moja linaanza kutabasamu. Lile lingine linafuata!

"Lete niione vizuri," akasema, akaishika kamera, akavuta.

Nikafuata.

Akavuta tena. Nikafuata tena, kwa magoti, mpaka paji la uso wangu likagusa fimbo yake. Kidole changu kikabonyeza kitufe, flashi ikatumia pumzi yake ya mwisho ndani ya pua ya mzee.

"Mbona huiachii?"

"Baba, hii..."

"Mashine hizi, baba," Mjomba akasema, sauti imepanda, "huwa zinaonyeshwa zikiwa mkononi mwa mwenyewe. Ndiyo utaratibu wake."

Mzee akaiachia kamera polepole. Akageuka kwa wenzake. "Mmesikia? Hata wale wa mizani walisema hivyohivyo. 'Mkulima asiguse, sisi tutakusomea.'"

Wazee wakaguna wote kwa pamoja. Lile tabasamu likarudi lilikotoka. Nikasikia kijasho chembamba kinashuka mgongoni mpaka kwenye suruali ya watu. Nilitaka kusema ukweli hapohapo, nawaapia. Nilifungua mdomo. Mjomba akanikanyaga mguu.

Na chakula kikaletwa.

Jamani, chakula cha ukweni! Ugali umekaa kama kichuguu, kuku wa kienyeji, mlenda, kibuyu cha maziwa mgando. Siku nyingine yoyote ningelia kwa furaha. Leo niliuona ule ugali nikajua ndio hakimu wangu. Akaja Kabula, mdogo wake Minza, na jagi na beseni. Akapiga magoti mbele yangu.

"Shemeji, nawa."

Nikampa mkono wa kushoto.

Kabula akautazama. Akanitazama. Hakumwaga maji. Akanong'ona kwa huruma, kama anayemwamsha mtu usingizini, "Shemeji, ule mwingine."

"Huo huo tu," nikasema.

Akanawisha mkono wa kushoto, uso wake ameukunja kama anaosha mguu wa maiti. Kijiko hakikuwapo, na kuomba kijiko ukweni kwenye ugali wa kwanza ni kusema sitaki kula na nyinyi. Wazee wakaanza kumega. Mimi nimeshika kamera juu kwa mkono wa kulia kama natafuta mtandao, na ule wa kushoto unakwenda kwenye ugali wa watu.

Nilimega. Nilikuwa wa kwanza katika historia ya ile nyumba.

Mikono yote ikasimama. Mzee mmoja akarudisha tonge lake. Hata kuku, nahisi, waliacha kudonoa. Shangazi akaweka kiganja mdomoni.

"Nyanda," Mzee Maduhu akamwambia mshenga wangu, hakuniita mimi. "Kijana wako mkono wa kulia una nini?"

"Yuko kazini, baba," Mjomba akasema. Lakini sauti ilikuwa imekwisha.

"Nyanda. Hata ng'ombe wa kulimia anafunguliwa akila."

Akanawa. Ndugu zangu, mzee alinawa mikono katikati ya chakula! Anayejua mila anajua maana yake: hali tena na wewe. Dirishani nikaona pazia linacheza na jicho la Minza limejaa maji. Akilini mwangu nikaona Minza anaolewa na jamaa fulani mwenye trekta wa kule Malampaka, na mimi naitwa kupiga picha. Hapo maji yakawa yamenifika shingoni. Mficha uchi hazai, wahenga wamesema. Nikasimama.

"Baba, nisamehe. Si dharau. Haitoki."

"Nini hakitoki?"

"Kamera. Imegandana na mkono. Nimeweka mpira mpya leo asubuhi kwa heshima yenu, nikatia gundi nyingi. Tyubu ilikuwa na matundu." Nikawageuzia kiganja, nikafungua kile kidole kimoja kinachofunguka, vingine wakaviona vyenyewe vilivyoumana na mpira. "Tangu nimefika hapa sijamwachia mtu kamera kwa sababu siwezi. Sijampa mtu mkono kwa sababu mkono sina."

Nilidhani watacheka. Wangecheka ningeshukuru! Hawakucheka. Wazee wakainuka wakanizunguka, mmoja baada ya mwingine wakaishika ile kamera, kila mmoja akavuta kidogo kuhakikisha (kwa nini kila mtu lazima avute?), na kila akivuta mimi nasema "yooo!" na wao wanasema "kweli, imeshika." Mmoja akashauri mafuta ya taa. Mwingine akaagiza kisu kile cha kuchunia. Kisu kikaletwa kweli! Nikakitazama, na jinsi kilivyokuwa kinametameta nikaanza kutubu dhambi za utotoni.

"Wekeni kisu hicho."

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa Mama Minza. Amesimama pembeni ya ukuta, uso amegeuzia mazizi, kanga imefunika kichwa, mikononi ana bakuli la maji ya moto lenye sabuni na kikopo cha samli. Hakunisemesha mimi. Alimsemesha mumewe. "Baba Minza, mimi ndiye ninayewatoa ng'ombe kupe humu. Naweza kumtoa huyo bila damu. Lakini nimshike kama nani?"

Mmelisikia swali hilo? Kama nani!

Shangazi akaruka. "Yaya! Hapana! Mkwe hashikwi! Mama mkwe kumshika mkono mkwe wake, imeonekana wapi?"

"Bado hajawa mkwe," mzee mmoja akasema. "Jibu halijatoka."

"Kama si mkwe," shangazi akasema, "basi ni mwanamume wa kupita. Mke wa kaka yangu akae hapa amshike mkono mwanamume wa kupita, sisi tunatazama?"

Wazee wakagawanyika. Wengine mkwe, wengine si mkwe. Mimi katikati na kamera juu. Wanajadiliana maisha yangu kwa Kisukuma cha haraka, Mjomba amekaa kichwa chini, maji ya moto yanapoa. Mwishowe wakamgeukia Mzee Maduhu.

"Mwenye jibu ni wewe. Ulikuwa useme nini baada ya chakula?"

Mzee akakohoa. Akasimamisha fimbo. Akafungua mdomo. Ndugu zangu, niliacha kupumua.

"Usiseme!" shangazi akapiga kelele. "Ukisema ndiyo, hatashikwa! Ataondoka na kamera mkononi! Ukisema hapana, atashikwa kama nani? Limeze hilo jibu, kaka!"

Na mzee akalimeza. Nililiona likishuka kooni. Jibu lilikuwepo, limefika kwenye meno, likarudi. Nikataka kulia kwa sauti.

"Basi," mzee akasema, "Mama Minza, mshike kama mgonjwa. Mgonjwa hana ukoo."

Hilo wakalikubali. Nikakalishwa kwenye kigoda. Mama Minza akaja akakaa mbele yangu kwenye kigoda kingine, uso bado pembeni, akashika mkono wangu. Kamera akaivisha mfuko wa plastiki kwanza, ili maji yasiingie (nilitaka kumshukuru, nikaogopa). Kisha kitambaa cha maji ya moto, kisha samli, kisha maji, kisha samli. Alikuwa na uzi, akawa anaupitisha kati ya ngozi na mpira, taratibu, tundu moja moja. Iliuma, nisiwadanganye. Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni kule kukaa. Sijui nitazame wapi! Nikitazama mbele ni mama mkwe. Nikitazama pembeni ni shangazi. Nikatazama juu muda wote kama mtu anayesubiri mvua. Kidole cha mwisho kikatoka. Kikabaki kiganja. Uzi ukapita mara ya mwisho, nikasikia kitu kinaachia, na kamera ikamwangukia Mama Minza mapajani, akaiweka kando.

Mkono wangu ulikuwa mwekundu, una madoa madoa, lakini ulikuwa wangu. Nikaukunja. Ukakunjika! Furaha niliyopata ikanipandisha wazimu. Nikasahau mila, nikasahau mimi ni nani na niko wapi. Nikamnyooshea Mama Minza mkono uleule, unadondoka samli.

"Wabeja, mama! Asante sana!"

Mama Minza aliruka. Mama mtu mzima, aliruka kutoka kwenye kigoda kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaficha mikono yote miwili ndani ya kanga, akageuza uso, akanipa mgongo, akakimbilia nyuma ya nyumba mbio na kikopo chake cha samli.

Nikabaki nimenyoosha mkono hewani. Nikasema basi, nimemtukana, kila kitu kimekwisha. Nikamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ameshika tumbo.

Na hapo shangazi, yule yule wa macho, akapiga kigelegele. Wanawake wa nyuma ya nyumba wakapokea. Wa ndani wakapokea. Nikasikia na cha Minza, nakijua, kinaishia na kwikwi. Wazee wakaanza kucheka mpaka wanashikana mabega. Mimi bado sijaelewa, nimesimama tu na mkono wangu kama kibao cha barabarani.

Mzee Maduhu peke yake ndiye aliyekasirika. Aligonga fimbo chini. "Mama Minza! Nilikuwa nataka kusema mwenyewe!"

Ndipo ikaniingia. Mwanamume wa kupita hakimbiwi vile. Mgonjwa naye hakimbiwi. Anayekimbiwa vile na mama mtu mzima, kwa heshima ile, ni mmoja tu. Nikakaa chini mavumbini, na suruali ya watu, nikalia.

Ndugu zangu, leo mama mkwe amenikatalia mkono hadharani, ukoo mzima ukishuhudia, na tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivi. Msicheke.